Ulimbo wa Mlangoni

Kifungu cha tisa nilikiandika mimi. Naliweka hilo mwanzo, kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu katika miaka yangu ya utumishi nilisoma ripoti nyingi zilizomficha mwenye kosa hadi ukurasa wa mwisho, na nyingine ambazo hazikumtaja kabisa. Fomu ya ukaguzi wa mizinga ilitufikia kutoka bara ikiwa na vifungu vinane. Cha tisa nilikiongeza kwa mkono wangu: “Mlango wa mzinga uwe safi, usio na gundi, utomvu wala uchafu wa aina yoyote.” Mkuu wangu aliisoma sentensi ile, akaikubali, ikapigwa chapa na kusambazwa. Nilijivunia. Ilikuwa fupi, ilikuwa na koma mahali pake, na hapakuwa na mtu ambaye angeweza kudai kuwa hakuielewa.

Nilikuwa afisa wa ugani wa ufugaji nyuki. Huku kwetu mwenye kazi ile huitwa bwana nyuki, kama vile wa mazao anavyoitwa bwana shamba. Eneo langu lilianza Ukunda likateremka na pwani hadi Majoreni, na mara kwa mara nilitumwa Taru, ambako wafugaji hutundika magogo yao katika miiba na nyuki wake ni wakali kiasi cha kumtimua ng'ombe. Nyuki wa Taru ndio niliosomeshwa chuoni. Habari za nyuki wadogo wasiouma zilikuwa nusu ukurasa katika kitabu chetu, na nusu ukurasa huo ulishughulika zaidi na majina yao ya kisayansi.

Mtu wa pwani hahitaji kusimuliwa habari za nyuki hao. Ni weusi, hawazidi punje ya mtama kwa ukubwa, na hujichagulia makao katika ufa wa ukuta, katika boriti, hata katika tundu la kitasa kilichoharibika. Mwiba hawana. Asali yao ni nyepesi na ina uchachu kidogo, na mama yeyote wa Msambweni huitafuta mtoto wake akibanwa na kifua. Mimi mwenyewe nililelewa kwa kijiko cha asali hiyo. Hata hivyo, siku niliyokiandika kifungu cha tisa sikukumbuka kwamba nimewahi kuwaona.

Mama aliyeangukiwa na kifungu hicho aliishi, na bado anaishi, upande wa juu wa Msambweni, mwendo wa nusu saa kutoka barabara ya lami. Jina lake silitaji. Limeshachafuliwa vya kutosha katika karatasi. Alikuwa mlezi wa mizinga ya kikundi cha akina mama wa kijiji kile. Mizinga yenyewe ilikuwa magogo mafupi yaliyotobolewa ndani na kuzibwa ncha zote mbili, kumi na moja kwa hesabu. Kumi yalining'inia kwa waya chini ya upenu wa nyumba yake, na moja lilikuwa peke yake katika banda la jiko.

Nilifika asubuhi, ubao wa kuandikia kwapani. Akina mama sita walikuwa wameketi kwenye jamvi, wamenitandikia kiti. Tuliamkiana kwa kirefu kama ilivyo desturi, kisha nikasimama mbele ya gogo la kwanza.

Penye tundu lake palikuwa na kijibomba chembamba cha nta, mfano wa mrija, na kukizunguka kijibomba hicho palikuwa na pete ya matone mazito, meusi yenye wekundu, yanayong'aa. Ndani ya matone hayo mlinasa vumbi, bawa la nzi na miguu ya sisimizi isiyokuwa na wenyewe.

“Mama, hiki ni nini?” niliuliza.

“Ni mlango wao, bwana nyuki.”

“Mlango ninauona. Nauliza huu uchafu.”

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. “Huo ni ulimbo,” alisema. “Wanauokota kwenye msandarusi na kwenye mkorosho, kila mti unaotoa machozi ukijeruhiwa. Hawana mwiba hawa. Wewe kwako hulali bila komeo.”

“Komeo langu halina miguu ya sisimizi.”

“Basi kwako hawajaja.”

Akina mama walicheka tena, na safari hii nilijua wananicheka mimi. Nikakisoma kifungu cha tisa kwa sauti, polepole, kama ninavyosoma kila kitu cha serikali. Nilipomaliza, mmoja wao, mwembamba mwenye leso ya kijani, alisema, “Wasomee na nyuki, bwana. Huenda nao wakatia sahihi.”

Mlezi wa mizinga alinionyesha mkorosho uliokuwa hatua ishirini kutoka pale. Majani yake yalikuwa yameshonwa pamoja mafungu mafungu, na kila fungu lilikuwa kiota cha majimoto, wale sisimizi wekundu wanaomfanya mchuma korosho avue shati hadharani. “Unawaona wale?” aliniuliza. “Wanawataka hawa kila siku. Kinachowazuia ni huo unaouita uchafu. Ukiutoa leo, wao wanashuka kesho.”

Nilimjibu kwamba mzinga usiopita ukaguzi hauingii katika rejista, na kikundi kisichokuwa na mizinga katika rejista hakitambuliwi. Hiyo ilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo niliyomshindia. Kikundi kile kilikuwa kimengojea kutambuliwa muda mrefu. Aliwatazama wenzake, nao wakatazama jamvi. Akaingia ndani, akatoka na kisu cha kuparia samaki.

Tulikwangua mizinga kumi. Nasema tulikwangua kwa sababu baada ya ule wa tatu nilimwona anapita juu juu, nikakichukua kisu nikaendelea mwenyewe, kisha nikapangusa kila mlango kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Nyuki walitoka, wakazunguka vichwa vyetu, wakaingia katika nywele na masikio. Walifanya kila wanachoweza kukifanya wasiokuwa na mwiba. Mzinga wa kumi na moja, ule wa jikoni, sikuukagua. Moshi uliniumiza macho na adhuhuri ilikuwa imekaribia. Niliutia alama ya vema kama mingine.

Lipo jambo moja zaidi la siku ile. Yule mama alikuwa akiukusanya ulimbo uliokwanguliwa ndani ya kifuu cha nazi, akauviringa ukawa donge la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilimwuliza ni wa nini. Alisema bila kuficha, “Nitawarudishia ukishaondoka.” Nikamwomba kifuu, nikalitoa donge, nikalitia katika bahasha na kuandika juu yake: Kielelezo. Niliondoka nalo. Alinisindikiza hadi mwisho wa ua kama adabu inavyotaka.

Siku ya tano nililetewa habari ofisini kwamba nahitajika Msambweni. Nilikwenda nikidhani nimeitwa kupokea shukrani.

Magogo kumi yalikuwa yananing'inia vilevile, lakini hapakuwa na nyuki hata mmoja hewani. Juu ya kila waya palikuwa na msafara wa majimoto, mmoja unashuka mtupu, mwingine unapanda na mzigo. Mizigo ilikuwa watoto wa nyuki, weupe. Mlezi wa mizinga aliling'oa zibo la gogo moja akanionyesha ndani. Vijungu vya nta vilivyohifadhi asali vilikuwa vimepasuliwa, na asali ilikuwa imemwagika chini pamoja na nyuki waliokufa, wengi wao bila vichwa.

“Walijaribu kuurudisha,” alisema. “Siku mbili walijaribu. Lakini huu ni wakati wa kiangazi, miti imekauka, wangeutoa wapi?”

Niliuliza habari za mzinga wa kumi na moja. Akanitangulia jikoni.

Mzinga ambao sikuukagua ulikuwa hai. Nilikaa mbele yake juu ya kibao cha mbuzi wa kukunia nazi, kwa muda ambao sikuuandika popote, na nikaona kwa macho yangu jambo ambalo kazi yangu ilinitaka nilijue tangu nilipoajiriwa. Majimoto walikuwa wameufikia mzinga ule pia. Waliteremka ukutani kwa mstari, na wa mbele alipolikaribia lile duara la matone alisimama, akanyoosha pembe yake moja, akagusa, akairudisha kwa haraka na kuanza kuisafisha kinywani. Alirudi nyuma. Wa pili naye alirudi. Wa tatu alisukumwa na waliomfuata, akakanyaga. Mguu mmoja ulishika. Alipouvuta, akaukita mwingine ili apate nguvu, nao ukashika. Kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyojikabidhi.

Ndipo nyuki wawili walipotoka katika kijibomba. Kila mmoja alikuwa na tonge la ulimbo katika miguu ya nyuma. Hawakumwuma yule adui wala hawakupigana naye. Mmoja aliligandisha tonge lake katika utosi wa sisimizi, wa pili mgongoni, kisha wakarudi ndani wakaleta mengine. Sisimizi yule alikuwa mara tatu au nne ya ukubwa wao. Baada ya muda hakuonekana tena kuwa kiumbe. Alikuwa sehemu ya ukuta, na wenzake waliokuja nyuma walizuiwa na yeye pia. Ile miguu isiyokuwa na wenyewe, ambayo niliisomea kifungu, ilikuwa ukuta uliojengwa kwa washambuliaji wa jana.

“Na anayeingia?” nilimwuliza.

Alikwenda akaleta gogo kuukuu lisilotumika, akalipasua kwa shoka. Ndani, pembeni, palikuwa na kinundu cheusi kama mbegu. Alikibanja kwa kisu. Mlikuwa na mbawakawa mdogo mzima, kila kiungo mahali pake, amefunikwa ulimbo kutoka kichwa hadi mwisho.

“Huyu alipenya,” alisema. “Ana gamba, hawawezi kumtafuna. Ni mzito, hawawezi kumtoa. Wakamzika yu hai, wakaendelea na kazi zao.” Akanitazama. “Wewe ulipokuja hatukuwa na cha kukuzikia, bwana nyuki. Ulikuwa umekichukua.”

Maneno hayo nayakumbuka kama yalivyo.

Nilirudi ofisini na ripoti kamili kichwani. Mkuu wangu aliisikiliza hadi mwisho, hilo namshuhudia. Kisha akasema, “Ukiandika kwamba ni kifungu, umeiandika ofisi. Vikundi vingine vitaleta madai. Andika uangalizi duni, yaishe.”

“Aliangalia vizuri, bwana. Alinionya.”

“Onyo limo katika karatasi?”

Halikuwamo. Nilikuwa sikuliandika. Nikachukua kalamu nikaandika: “Makundi kumi yaliangamia kutokana na uangalizi duni wa mfugaji.” Nikatia sahihi na tarehe. Hakunishika mkono, wala hakunitishia kunifuta kazi. Aliniambia tu, nami nikatii, kwa sababu kutii kulikuwa kumenikaa kama mwandiko wangu. Nasoma siku hizi watu wakijitetea kwamba walilazimishwa. Mimi sikulazimishwa.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Katika hafla ya kuniaga walisimama watatu, mmoja baada ya mwingine, wakasema kwamba kumbukumbu zangu hazikuwahi kuwa na doa. Walinipa saa ya ukutani. Nilikwenda nayo nyumbani, nikaitundika, na katika droo iliyo chini yake niliweka ile bahasha iliyoandikwa Kielelezo, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimeipeleka wapi.

Ningeendelea hivyo hadi kaburini, nadhani, lau si kukutana sokoni Ukunda na yule mama mwembamba wa leso ya kijani. Safari hii leso yake ilikuwa ya rangi nyingine, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameondoka, lakini ulimi ulikuwa uleule.

“Bwana nyuki! Mkono wako bado unaandika?”

“Nimestaafu, mama.”

“Wewe umestaafu. Maandishi yako hayajastaafu.”

Ndipo aliponieleza. Ulikuwa umeanzishwa mpango mpya wa kufundisha ufugaji wa nyuki wadogo katika vijiji vyote kutoka Msambweni hadi Majoreni, na walikuwa wanatafutwa wafugaji wa kuwa walimu. Mlezi wa mizinga, ambaye kutokana na ule mzinga mmoja wa jikoni alikuwa ameshapata mizinga saba kwa miaka yote hiyo, alipeleka jina lake. Lilirudishwa. Aliambiwa kwamba mtu mwenye rekodi ya uangalizi duni hawezi kufundisha wengine.

“Alisema nini?” niliuliza.

“Aseme nini? Sisi ndio tunaosema.” Aliokota pishi lake la mchele. “Haya, kwaheri. Wasalimu wa ofisini.”

Usiku wa siku hiyo sikuandika chochote; niliandika asubuhi, nikiwa nimeoga na kunyoa. Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Nilitaja kifungu, nikamtaja aliyekitunga, nikaeleza kisu, kitambaa, onyo nililopewa, kielelezo nilichochukua, na alama ya vema niliyoitia kwa mzinga nisioukagua. Nikaomba mambo mawili: rekodi ya mfugaji irekebishwe, na kifungu cha tisa kifutwe.

Ofisini nilimkuta kijana aliyekaa katika meza iliyokuwa yangu. Alikuwa mtu wa bara, mwenye adabu. Alisimama na kuniamkia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeleta marekebisho ya ripoti.”

Aliisoma barua, akairudia ukurasa wa kwanza, kisha akainua macho. “Mzee wangu, mbona unajichoma hivi? Hii stori iliisha kitambo.”

“Haijaisha. Imemfungia mtu mlango mwezi uliopita.”

“Shida ni sistimu. Faili za zamani zote ziliingizwa kwa kompyuta. Sistimu iko na mahali pa kuongeza, haina mahali pa kutoa.”

“Basi ongeza.”

“Kuongeza kunataka afisa aliye kazini. Wewe ulishatoka.”

“Na niliyeandika uongo nilikuwa kazini. Huo uliingia bila taabu.”

Maskini, halikuwa kosa lake. Akachukua mhuri, akaupiga juu ya nakala yangu: Imepokelewa. Nilirudi wiki iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Mkuu wa sasa alikuwa mkutanini, kisha semina, kisha mkutanini. Mara ya tatu yule kijana aliniambia kwa upole kwamba orodha ya walimu imefungwa, na mwalimu wa eneo la Msambweni ameshapatikana, binti mwenye cheti. Ili kunituliza, nadhani, akanipa nakala ya fomu mpya watakayotumia walimu hao. Ilikuwa imechapishwa kwa rangi, karatasi nzito, na katika ukurasa wa pili palichorwa mkono umeshika brashi. Juu ya mkono huo palikuwa na kifungu cha tisa. Sentensi yangu, neno kwa neno. Koma ilikuwa mahali pake.

Niliikunja fomu ile nikaenda Msambweni siku hiyohiyo, nikipitia nyumbani kuchukua bahasha.

Mlezi wa mizinga alikuwa amezeeka, kama mimi. Alikuwa anachambua kunde uani. Nilipiga hodi, akaniangalia muda mrefu kabla ya kunikaribisha.

“Umekuja kukagua?”

“Nimekuja kukusomea barua, mama.”

“Ya nani?”

“Yangu.”

Hakunitandikia kiti safari hii. Niliketi jamvini. Nilimsomea kurasa zote mbili, yeye akiendelea na kunde zake. Nilipomaliza alisema, “Hebu rudia pale pa kisu.” Nikarudia. “Na pale nilipokuonya.” Nikarudia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani.

“Wamesema nini?”

“Wameipokea.”

“Wameipokea,” alisema, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakikuwa kicheko cha furaha.

Nilimpa fomu mpya nikamwonyesha ile picha ya brashi, kisha nikampa bahasha. Alipolitoa donge alilitambua kabla ya kuligeuza. Lilikuwa gumu kama jiwe. Alilisogeza karibu na makaa ya jiko, akalipindua kwa kijiti, na baada ya muda mfupi lilianza kung'aa na kutoa ile harufu ya msandarusi, nzito kama ya ubani. Akalibonyeza kwa kidole, kidole kikanasa.

“Hukulitupa,” alisema.

“Lilikuwa kielelezo.”

“Ulimwonyesha nani?”

Nilimwambia ukweli, kwamba sikumwonyesha mtu. Hakunisamehe, nami sikumwomba anisamehe. Barua haikuwa na ombi hilo. Aliniuliza tu mwalimu mpya anafika lini. Nikamjibu kwamba kwa mujibu wa ratiba ni Alhamisi, saa tatu.

Alhamisi nilifika saa mbili, nimevaa koti langu la kazini. Yule binti alifika kwa pikipiki, mchangamfu, akawaamkia wote mmoja mmoja, akatoa fomu na brashi mpya yenye mpini wa plastiki. Mizinga saba ilikuwa chini ya upenu, kila mlango una pete yake ya ulimbo. Alipofika kifungu cha tisa nilisimama.

“Binti yangu, kifungu hicho ni kosa. Nakijua kwa sababu nimekitunga.” Nikampa nakala ya barua.

Aliusoma mhuri kwanza. “Imepokelewa, lakini haijajibiwa, mzee. Mimi nimefundishwa hivi. Nisipoweka tiki hapa, mizinga haiingii.”

“Usiweke,” alisema mlezi wa mizinga.

“Mama, haitaingia kwenye rejista.”

“Nimesikia. Iliingia ile ya kwanza, ikafa imesajiliwa.”

Binti alisimama na brashi yake, amekereka na ameona haya pamoja. Aliyatazama yale matone kwa karibu, akanyoosha kidole, kikanasa, akakipangusa kwa karatasi. Mwishowe aliacha kisanduku cha tisa kitupu, akakunja fomu. Namheshimu kwa hilo, lakini kisanduku kitupu hakimrudishii mtu jina. Nakala ya barua yenye mhuri ninayo, na hadi ninapoandika haya, katika kumbukumbu za ofisi niliyoitumikia, mama yule ni mfugaji mwenye uangalizi duni, na mizinga yake saba haipo.

“Kesho unakwenda wapi, mwanangu?” mlezi wa mizinga alimwuliza.

“Majoreni, mama. Kuna vikundi vitatu.”

“Saa ngapi?”

“Saa nne hivi.”

Pikipiki ilipoondoka alikwenda jikoni, akalikata lile donge vipande viwili. Kimoja alikiweka juu ya dirisha, kingine alikifunga katika jani la mgomba na kukitia katika mkoba wake wa ukindu. “Pengine kuna waliokwisha kukwanguliwa,” alisema. Kisha akanitazama kutoka viatu hadi kofia. “Wewe unayo barua. Saa kumi na mbili uwe barabarani.”

Tulifika Majoreni kabla ya saa mbili. Akina mama wa kikundi cha kwanza walikuwa wameshafagia uwanja na kuchemsha maji. Juu ya meza palikuwa na kisu kimenolewa tayari na vitambaa vyeupe vimekunjwa, maana ratiba na maagizo yalikuwa yamewatangulia. Walipomwona yule mama wakadhani ndiye mwalimu. Akawaambia kwamba siye. Akaniashiria nisimame karibu naye, mbele ya mizinga, mahali ambapo wote wangeniona uso.

“Mimi msinisikilize,” aliwaambia. “Mimi nimeandikwa kuwa sijui kulea nyuki. Msikilizeni huyu. Yeye ndiye aliyeniandika.”

Nikaikunja barua nikaitia mfukoni, nikawaomba kwanza wakiondoe kile kisu.